Fundi Aliyetupima Sote

Kwa miaka kumi na mmoja niliyokaa jirani naye pale Mjambere, Kisauni, mjini Mombasa, sikuwahi kumwona Fundi akimpima mtu kwa futi. Futi alikuwa nayo, ya kitambaa, rangi ya manjano, imemning'inia shingoni asubuhi hadi jioni, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kufukuzia paka. Mteja alisimama barazani, Fundi akamtazama kutoka utosini hadi kisiginoni, akamwambia, "Geuka." Mteja akageuka. "Haya, njoo Ijumaa." Basi, umeshapimwa. Hakuandika popote. Penseli ilikuwa sikioni siku zote, ila hiyo ilikuwa ya kuchorea kitambaa na kukunia mgongo.

Vipimo vyetu vyote vilikaa kichwani mwake, na havikukaa kimya. Ungepita zako na kikapu cha mboga, ukasikia sauti kutoka nyuma ya cherehani: "Mama, Pasaka kiuno chako kilikuwa thelathini na sita. Leo arobaini. Kuna mtu mwingine humo ndani au ni wewe tu?" Na barabara nzima ikageuka kutazama jibu. Mimi mwenyewe nilijaribu siku moja kujibana tumbo mbele yake. Aliendelea kutia uzi kwenye sindano, wala hakuinua macho. "Pumua, mwanangu. Nguo utaivaa ukiwa hai."

Huyu huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, na mada aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ubaya wa umbea. Nilimwuliza siku moja, kwa heshima, kama kutangaza viuno vya watu si umbea. Alinishangaa. "Umbea ni maneno," alisema. "Mimi nasema namba."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliwashonea maharusi magauni ambayo mpaka leo yanaazimwa na dada zao, na yeye mwenyewe alivaa mitumba ya soko la Kongowea. Siku moja alikuja ibadani na fulana yenye picha ya mbwa aliyevaa miwani. Mchungaji akamwuliza kwa upole kwa nini fundi mzima asijishonee. "Mpishi akimaliza kupika ana hamu ya kula?" alijibu, na mchungaji, ambaye hakuwahi kukosa hamu ya kula kwa sababu yoyote, akakosa la kusema.

Alichukia uzi mrefu. Alisema uzi mrefu ni wa fundi mvivu anayeogopa kutunga sindano tena. Alichukia zipu, akaziita meno ya uongo. Alipenda chai ya tangawizi, nyimbo za msiba zikiimbwa haraka haraka, na kusahihisha Kiswahili cha watu kutoka bara. Mfundishaji wetu wa kwaya, kijana wa kutoka Nyeri, alikonda mwaka wa kwanza. Kila akisema "hii wimbo," Fundi, aliyekuja mazoezini kusikiliza tu, alisimamisha kwaya nzima.

Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba cha pili kutoka kwake, na katika kwaya nilikuwa sauti ya pili. Mchana nilifanya kazi Changamwe, kwenye kiwanda cha kufunga majani ya chai. Jioni nilikaa barazani kwake nikimfumulia mishono iliyokosewa. Mumewe alikwisha kufariki nilipohamia pale. Binti yake mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akija kila mwisho wa juma na kugombana naye kuhusu chumvi.

Sijui ni lini hasa mambo yalipoanza. Labda ni siku ile ya maharagwe. Alinialika chakula, tukakaa, nikatafuna kitu kigumu. Nikakitoa. Kifungo cha shati, cheupe, matundu manne. Nikapata cha pili. Fundi akainuka, akavuta droo ya cherehani mahali vifungo vinapokaa, na humo ndani mlikuwa na maharagwe mabichi, yamepangwa vizuri kabisa pembeni ya bobini za uzi.

"Hebu tazama," alisema. "Yamebadilishana nyumba."

Tulicheka mpaka binti akatoka nje kuuliza kuna nini. Tukamwonyesha. Yeye hakucheka.

Baadaye ikawa chai. Mgeni alipewa kikombe, akamaliza, Fundi akamwuliza, "Hata chai hujanywa?" akamletea kingine. Wageni hawakulalamika. Fundi mmoja wa baiskeli pale njia panda alianza kupitia kila siku saa kumi jioni, akanenepa. Fundi wetu akamtazama na kusema, "Kifua kimeongezeka inchi mbili. Siku hizi wala wapi?"

Alipokuwa akinisimulia jambo, alinisimulia tena kabla hatujalitoka. Nami nilicheka pale pale pa kuchekea, kwa sababu hadithi zake zilikuwa nzuri hata za mara ya tatu. Nilijiambia ni uzee. Alikuwa amepita miaka sitini na minane, na nani hasahau? Mimi mwenyewe nimewahi kuitafuta simu yangu huku nikiongea nayo.

Kisha ikaja suti ya mchungaji.

Mchungaji wetu alikuja Mjambere akiwa kijana mwembamba, shingo kama ya korongo. Siku za sherehe ya mavuno zilipokaribia, akiwa ameshakuwa baba mwenye mwili wa kutosha waumini wawili, alimwomba Fundi amshonee suti mpya. Akasimama barazani. "Geuka." Akageuka. "Haya, njoo Ijumaa." Fundi akashona siku nne, suti ya rangi ya damu ya mzee, bitana ya ndani ya hariri, mshono ambao ungeuangalia ukadhani kitambaa kimezaliwa hivyo.

Jumapili ya mavuno mchungaji akaingia kanisani kidogo kidogo, kama mtu aliyebeba mayai kwapani. Mikono ya koti iliishia karibu na viwiko. Kifungo kimoja tu ndicho kilichofungika, na hicho kilikuwa kikiomba kuliko sisi sote. Ni upendo uliomfanya aivae, ninaamini hivyo mpaka leo. Hakutaka kumwaibisha mama wa watu. Alihubiri dakika arobaini bila kutikisika, kisha akajisahau. "Inueni mikono juu!" akasema, na akainua yake.

Tulisikia mlio kama wa turubai la lori likipasuka. Mgongo ukafunguka kutoka kola hadi kiunoni, bitana ikachungulia nje. Kwaya ilikuwa nyuma yake, kwa hiyo sisi ndio tulioona vizuri. Sauti ya kwanza ilianguka yote kwa kicheko. Mpiga kinanda akalala juu ya kinanda, kinanda kikalia chenyewe. Hata mchungaji alicheka, huku akirudi kinyumenyume kuelekea ukutani.

Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa benchi la mbele, akimtazama mchungaji kama mtu anayesoma barua.

Tulipokuwa tukitembea kurudi nyumbani akaniambia, "Ile suti haina kosa."

"Haina, Fundi. Mshono ni mzuri sana."

"Ilikuwa ya mchungaji. Ila si huyu. Ni yule aliyekuja akiwa kijana." Tulipofika kwenye kisima cha ploti yetu ya wapangaji akaendelea. "Yeye alisimama mbele yangu juzi, mwanangu, mnene hivyo, na mimi nikamwona yule. Nilimpima nani mimi?"

Nilimwambia apumzike. Akanitazama kwa jicho lile lile la kupimia. "Pumzika ni neno la kumwambia mtu ambaye hutaki kumwambia jambo."

Habari zikafika kijijini kwao, maana habari za namna hiyo hazihitaji nauli. Kaka yake mkubwa akaja, mzee wa fimbo na koti, akasema dada yake arudi nyumbani akatazamwe na watu wanaojua. Binti akasema mama haendi kokote, ila pia hospitali asipelekwe, kwa sababu wateja wakisikia ana ugonjwa wa kichwa hakuna atakayeleta kitambaa. Wakabishana sebuleni, yeye yuko katikati, kila mmoja akimsemea. Mwisho Fundi akasimama, akasema anakwenda kukojoa, akapita mlango wa nyuma na kuja chumbani kwangu.

"Kulikuwa na shangazi yangu," alisema akiwa amekaa kitandani pangu. "Alianza kusahau kama hivi. Siku moja, jua kali, alikosa mlango wake akaingia wa jirani. Akakaa kitini akasubiri uji. Na mtoto wa nyumba ile alikuwa na homa. Wajua walimwita nani?"

Nilijua. Mchawi.

"Hawakumwita msahaulifu. Walimtoa kwa mapanga, yule aliyenifundisha kushika sindano. Akaenda kufia kwa watu wasiomjua hata jina." Alijipangusa uso kwa ile futi. "Mimi nataka karatasi. Kama ni maradhi, iandikwe ni maradhi, ipigwe muhuri. Siku nikiingia nyumba ya mtu nikiwa nimepotea, karatasi iseme kabla ya panga."

Ilitokea kwamba wiki ile mchungaji alitangaza kanisani: wauguzi watakuja zahanati yetu kuwapima wazee presha, sukari, na safari hii kumbukumbu pia, bure. Hakuna mzee aliyetikisika. Kupimwa presha ni heshima, mtu huitaja hata kwenye salamu. Kupimwa kumbukumbu ni kuambiwa huna akili. Fundi akasimama. "Nitakwenda," alisema, "mchungaji akitangulia."

Mchungaji hakuwa amefika hata sitini, lakini alikuwa bado na deni la aibu kwa ile suti, au labda alidhani tu kwamba analo. Akakubali.

Chumba cha kupimia kilitengwa kwa pazia tu. Muuguzi alikuwa binti mdogo mchangamfu kutoka bara, na Fundi nami tulikaa benchi la nje ya pazia tukimsikia mchungaji akitaabika. Aliambiwa maneno ayakumbuke: ndizi, ufunguo, mvua, mbuzi, shati. Kisha akaulizwa mengine, tarehe, hesabu, kuchora. Wakati huo wote midomo ya Fundi ilikuwa ikicheza, na vidole vyake vitano vilikuwa vikipanda na kushuka juu ya goti.

"Sasa Pastor," muuguzi akasema, "niambie yale maneno."

"Ndizi," mchungaji alisema. "Mbuzi." Tukasikia kiti chake kikilia. "Neema."

"Neema haikuwa, Pastor."

"Ufunguo! Mvua! Shati!" Fundi alipiga kelele. "Na neema ni ya Jumapili!"

Pazia likafunguliwa. Muuguzi akasema sasa itabidi atafute maneno mengine kwa ajili yake. Fundi alijikuna kwa penseli, amefurahi kama aliyefunga bao. Ni mimi tu niliyekuwa nimeona midomo. Hakuwa amekumbuka. Alikuwa ameyashikilia yale maneno dakika zote zile bila kuyaachia, kama mtu anayebeba maji viganjani.

Zamu yake ikafika, akanivuta niingie naye.

"Shosho, karibu," muuguzi akasema. "Nitakuambia maneno tano, alafu..."

"Matano."

"Eeh?"

"Maneno matano, mwanangu. Tukianza vibaya tutafika wapi? Na shosho ni nani?"

"Pole, Mama, kwetu shosho ni bibi. Maneno matano. Kikombe, barabara, samaki, taa, kofia." Fundi akayarudia yote sawasawa. "Vizuri. Leo ni siku gani?"

"Wewe huijui?"

"Naijua."

"Basi mbona waniuliza?" Akanitupia jicho. Nikatazama dari. "Ni Jumanne," alisema. Ilikuwa Alhamisi.

"Mia moja, toa saba."

"Mia ya nini?"

"Mia tu, Mama."

"Hakuna mia tu. Inchi?"

"Sawa, inchi."

"Kiuno cha inchi mia? Huyo mwambieni ashonewe hema." Lakini akatoa. Tisini na tatu. Themanini na sita. Halafu akakwama, akatazama vidole vyake. "Tulikuwa tunatoa ngapi vile?"

Kisha akaambiwa achore saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi.

"Saa tano ya mdomo au saa tano ya ukutani?" Fundi akauliza. "Maana ya mdomo ni tano, na ya ukutani imeandikwa kumi na moja. Ninyi mnaotuuliza mwataka ipi?"

Muuguzi akafikiri. Akachukua karatasi yake, akaisoma upya. "Kusema kweli," alisema, "hapa hawajasema."

Fundi akachora duara kwa mkono mmoja bila kuinua penseli, duara safi ambalo ungeweza kukatia kola. Akaanza kutia namba. Zikaenda zikiandamana upande wa kulia, moja, mbili, tatu, zikabanana, zikafika tisa chini kabisa na nafasi ya upande ule ikaisha. Kumi, kumi na moja na kumi na mbili akaziandika nje ya duara. Akaitazama kazi yake kwa muda.

"Hawa watatu wamekosa nafasi kwenye feri," alisema. "Watapanda ya pili."

Muuguzi alicheka, nami nikacheka. Fundi naye alicheka kidogo, ila macho yake hayakuondoka pale kwenye karatasi.

"Sasa Mama, yale maneno niliyokuambia mwanzo."

Nje mtoto alikuwa akichomwa sindano na kuwatangazia wote.

"Nakumbuka yalikuwa matano," Fundi akasema polepole, "kwa sababu ulikosea." Akafumba macho. "Samaki." Akakunja kidole kimoja. "Na shati."

Shati lilikuwa neno la mchungaji. Muuguzi aliandika tu.

"Nimepata ngapi?"

"Huu si mtihani wa kupita na kufeli, Mama."

"Basi nimefeli," alisema Fundi. "Binti yangu ni mwalimu. Najua lugha yao."

Muuguzi akavuta kiti karibu, akamshika mkono. Akamweleza kwamba kipimo kile peke yake hakisemi mtu anaumwa nini. Kinasema tu kwamba inafaa atazamwe zaidi, kwa kuwa kuna mambo mengi yanayoweza kusahaulisha mtu, mengine ni ya kutibika kabisa. Akatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa kisiwani. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Una roho nzuri. Bega lako la kushoto liko chini kuliko la kulia, mwambie anayekushonea."

Hospitali tulikwenda mara tatu, mimi, yeye na binti yake, ambaye alikuwa ameona ile saa iliyochorwa na kuacha kubisha. Damu ilichukuliwa, picha ya kichwa ikapigwa. Daktari, mwanamke mtaratibu, aliongea na binti, akaongea nami, akaniuliza hata habari za maharagwe. Siku ya mwisho alituketisha, akamtazama Fundi mwenyewe, si sisi, na kumwambia kwamba vyote walivyoviona vinaelekea kwenye ugonjwa wa Alzheimer, na kwamba uko mwanzoni.

"Ali nani?"

"Alzheimer, Mama."

"Ali Zaima." Fundi akafikiri. "Simjui. Ni wa Kisauni?"

Daktari alijitahidi sana kuwa daktari, akashindwa. Alipomaliza kucheka alieleza. Dawa ya kuuondoa hakuna. Zipo za kumsaidia mtu kwa muda, na kuna faida ya kujua mapema, kwani sasa bado anaweza kuamua mwenyewe mambo yake, aishi wapi, amwamini nani, apumzishwe kazi gani. Ya zamani yatakaa naye zaidi. Mapya ndiyo yatakayoteleza.

"Kwa hiyo mchungaji mwembamba nitabaki naye," Fundi alisema, "na mnene ataondoka."

"Inaweza kuwa hivyo."

"Mulungu wangu. Na huyu mnene ndiye mwenye roho nzuri." Hapo ndipo alipolia, kidogo, bila sauti. Kisha akaomba karatasi. Daktari akamwandikia, akapiga muhuri. Fundi akaomba muhuri wa pili, kwa uzuri.

Kuanzia siku hiyo ugonjwa ukawa na jina la mtu. Chumvi ikizidi, Ali kapita jikoni. Mlango ukiachwa wazi, Ali hana adabu. Binti alimnyang'anya pasi ya makaa, kukawa na ugomvi wa siku mbili, mwisho Fundi akasema mwenye makosa ni Ali na pasi ichukuliwe yeye asione.

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi ya matangazo. Kaka yake alikuwa bado yuko Mombasa, na Fundi alikuwa amehakikisha amekaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Karatasi aliitia plastiki kwa kijana mmoja anayetoa kopi. Akasimama mbele na fulana yake ya mbwa mwenye miwani.

"Mimi niliyewapima ninyi nyote," alisema, "nimepimwa."

Watu wakacheka. Akawaacha wamalize.

"Nimeonekana na maradhi ya kusahau. Yako hapa, yameandikwa, mihuri miwili. Sasa sikilizeni, maana mimi nikishasema nitasahau, kazi ya kukumbuka ni yenu. Mkiniona naelekea Mwakirunge, kwenye jaa la taka, na kikapu cha soko, nigeuzeni. Msiniulize naenda wapi, nitawadanganya. Nigeuzeni tu. Nikikusalimu mara tatu, itikia mara tatu, salamu haiozi. Nguo zenu nitazishona, binti yangu akikata. Na mkiniona nimeingia nyumba isiyo yangu," akamgeukia kaka yake, akaiinua ile karatasi, "sikuja kumroga mtu. Nimepotea. Nipeni chai, mpigieni simu binti yangu."

Mchungaji alisimama, akavua koti, na kutuonyesha mgongo wa koti hilo. Ilikuwa ile suti. Alikuwa ameitia kipande kikubwa cha kitambaa cha rangi nyingine katikati, cha maua, na aliyemshonea alikuwa fundi mbaya sana.

"Nani kakutendea hivi?" Fundi alifoka.

"Nimejishonea mwenyewe, Mama."

"Lete hapa!" Na kanisa likaangua kicheko, hata yule mzee wa fimbo. Alirudi kijijini siku ya pili bila dada yake. Alibeba kopi ya karatasi, akasema ataisoma barazani kwa mwenyekiti wa kijiji.

Jumamosi moja kabla sijahama, Fundi alituita kwaya nzima tukapimwe upya, safari hii kwenye daftari. Mimi ndiye niliyeandika. Alitazama, akataja namba, kisha binti akahakikisha kwa futi. Katika watu ishirini na wanne alikosea mmoja tu, yule fundi wa baiskeli, ambaye hakuwa mwanakwaya. Alikuja kwa ajili ya chai.

Niliolewa Likoni, na ukiishi upande ule wa feri, Kisauni inakuwa kama nchi nyingine. Nilimpigia simu. Mwanzoni alinijua kwa sauti, baadaye kwa kuambiwa, kisha akawa mwenye adabu tu, kama unavyokuwa kwa mtu wa kampuni ya simu. Ilipita zaidi ya mwaka kabla ya kupata siku ya kwenda.

Nilimkuta binti peke yake barazani.

"Yuko kwenye foleni," aliniambia.

"Foleni ya nini?"

"Ya kupimwa kumbukumbu. Wauguzi wanakuja kila mwezi sasa, pale ukumbini kanisani. Kila wakija lazima aende. Hajui kama alishapimwa."

"Na mnamwacha?"

"Yule muuguzi ndiye aliyeomba tumwache. Miezi ya kwanza hakuja mtu, waliogopa kuonekana. Sasa mama anatangulia kukaa, wanamwona, wanasema kama Fundi haogopi, sisi nani. Wanakuja."

Nikaenda ukumbini. Viti vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, wazee kumi na wawili au kumi na watatu, na kiti cha mbele kabisa alikaa yeye, amekonda, nywele nyeupe zimesukwa vizuri, mkoba mweusi mapajani. Kando yake alikaa mzee mmoja aliyeletwa na mkwe wake, kofia mkononi, akitazama mlango kama mtu anayehesabu hatua.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kupimwa?"

"Nimekuja kukuona wewe."

"Wanijua?"

"Nakujua."

"Basi kaa hapa karibu. Mimi hapa simjui mtu." Akaniinamia. "Nakuambia wewe tu. Naogopa. Ndiyo mara yangu ya kwanza."

Yule mzee akasikia. "Hata mimi," alisema. "Mama, na wakisema unaumwa?"

"Wakisema, nitajua," Fundi alimjibu. "Ni afadhali niulize sasa, kabla sijasahau kuuliza."

Mzee akacheka, na alipomaliza kucheka alikuwa ameacha kutazama mlango. Muuguzi, yule yule, akatokea akaita jina la Fundi, akaniona, akanikonyeza. Fundi akainuka. Akajinyoosha gauni, akashusha pumzi, akanipa mkoba wake.

"Nishikie," alisema. "Nikitoka nikakuambia ni wako, kataa."

Akaingia. Mzee akavaa kofia yake, akahamia kwenye kiti cha mbele.